Bagi, keji ya mabomba na vilima vya Mwanza

Bagi ni gari dogo la wazi la kupita mchangani, na tangu Bruce Meyers atengeneze yake ya kwanza ya faibaglasi huko California mwaka 1964, nyingi zimekuwa chasi za Volkswagen Beetle zilizovalishwa ganda jepesi lisilo na paa. Ikipinduka, kichwa cha dereva kinakingwa na fremu ya kioo cha mbele tu, ambayo haina ubavu wa kubeba gari. Ndiyo maana wengi wanataka roli keji, ile fremu ya mabomba ya chuma inayowazunguka walioketi kwenye magari ya mashindano.

Kwa Mwanza wana hoja. Huku kupinduka hakuhitaji kasi. Panda kiubavuubavu kwenye vilima vya Bwiru: tairi moja ikikanyaga jiwe, ya upande wa pili ikazama kwenye korongo la mvua, gari linalala taratibu, nawe uko chini yake.

Wanaoipinga, hata hivyo, hawakurupuki. Dereva wa mashindano hufunga mkanda wa mabegani na kiunoni, huvaa helmeti, na bomba lililo karibu na kichwa chake huvishwa sifongo maalumu. Sasa nani anavaa helmeti kwenda sokoni Kirumba? (Hata abiria wa bodaboda tunawabembeleza.) Ukifunga mkanda wa kiunoni tu, kugongwa kidogo pale Igoma kunatosha kukipeleka kichwa chako kwenye chuma.

Halafu kuna suala la bomba lenyewe. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka tao kuu (bomba lililopindwa nyuma ya viti) liwe la chuma kisicho na mshono, kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Bomba la maji la dukani kwa kawaida lina mshono, na zinki yake isipokwanguliwa kwanza, fundi anavuta moshi wenye sumu na weldi inabaki na vitundu. Uzito unaoongezeka juu ya gari nao upo, ila huo haunisumbui sana.

Kwa bagi ya mjini na ufukweni ningeweka tao moja nyuma ya viti, lipite juu ya vichwa, liwe na mihimili miwili ya kulishikilia kwa nyuma, pamoja na mikanda ya mabegani. Keji kamili ni ya anayepanda mawe kweli, na helmeti awe nayo.

Kabla hujatoa kianzio, muulize fundi miguu ya mabomba itakaa wapi. Akikuonyesha chasi na bamba la chuma lisilopungua milimita 3, endeleeni kuzungumza bei. Akigonga faibaglasi kwa kidole, tafuta mwingine.