Mpangaji Aliyebaki na Kandambili Yangu

Nilipanda kunde nyuma ya nyumba tuliyopanga huku Pennsylvania, safu nne, nikawa nazihesabu kila asubuhi kama mshahara. Siku moja nikakuta safu tatu. Kesho yake, mbili na nusu.

Mwizi hata hakujificha. Alikaa wima mlangoni pa shimo lake, mnene, kilo tano hivi, anatafuna. Wamarekani humwita nguruwe wa ardhini, jina la uongo mtupu: ni marmoti, wa ukoo wa kindi, na akitaka hupanda mti.

"Baba Asha, mwache huyo," mke wangu akasema.

Nimwache! Mimi mtoto wa mkulima nishindwe na kindi?

Nikaenda na ndoo mbili za maji. Nikamimina ya kwanza. Kimya. Ya pili. Mara nyuma yangu mluzi mkali, wa refa kabisa. Kugeuka, huyo hapo, mkavu, ananitazama. Nikarudi hatua moja na mguu wa kulia ukazama hadi gotini.

Kumbe shimo lake lina milango kadhaa. Ule mkuu una lundo la udongo nje, hata kipofu ataukwaa. Wa dharura huuchimba kutoka ndani, kwa hiyo huku juu huoni chochote ila nyasi. Yeye huutumia kumkimbia mbweha. Mimi niliutumia kuingia. Huko chini ana chumba cha kulala na kingine cha choo. (Sisi tuko watano, choo kimoja.)

Mguu ulitoka, kandambili ikabaki. Nikapenyeza mkono hadi begani, shavu kwenye nyasi, makalio juu. Bibi jirani akanipungia kutoka dirishani. Nikampungia kwa mkono uliokuwa huru.

Oktoba akajifungia kulala. Moyo unaopiga mara 80 hivi kwa dakika hushuka hadi 5, mwili unapoa, hali kitu. Anaishi kwa mafuta yake. Yake! Kunde zangu zile.

Tarehe 2 Februari, kule Punxsutawney, mji wa huku huku Pennsylvania, wazee wenye kofia ndefu humwamsha marmoti mmoja wamuulize kama baridi itaendelea. Mchezo huo wameucheza tangu 1887. Mimi siku hiyo nilisimama kwenye theluji mbele ya shimo letu, nimeshika kandambili ya kushoto.

Mke wangu akafungua dirisha. "Haya, kasemaje?"

"Anaitaka na hii."