Dampo Nalo ni Mpangaji

Jamani, mimi na kiroba cha taka tumekaa chumba kimoja wiki mbili kama mke na mume. Chumba chenyewe ni cha uani, hapa Tandale. Zamani uani palikuwa na shimo: unamwaga maganda, unachoma, yameisha. Mama mwenye nyumba akaona shimo halilipi kodi. Akalifukia, akanijengea mimi juu yake. Nikisema nalalia taka, sitanii. Joto likizidi, sakafu inanikumbusha.

Gari la taka? Linakuja, tena kwa madaha. Linasimama kule kwenye lami, linapiga honi mbili, linaondoka. Vichochoro vyetu hata bajaji inaingia kwa kujikunja. Juzi nililikimbiza, kiroba begani, kandambili ikakatika, watoto wananishangilia, "Kaza anko!" Nikarudi nacho, na mchuzi wa dagaa mgongoni. Lakini mdai ada ya taka hapotei hata siku moja. Umeme ukikatika anaupapasa mlango wangu gizani, anaupata.

Basi tu, mji nao umefurika. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.3 na ushee, ya 2022 tukawa milioni 5.3 na ushee, na wote tunamenya ndizi. Hata dampo ni mpangaji kama mimi. Lilikuwa Tabata, wakazi wakalishitaki jiji mwaka 1988, wakashinda. Likahamia Vingunguti, likaondolewa. Mtoni, likaondolewa. Sasa limepanga Pugu Kinyamwezi, na gari likienda huko linashinda kwenye foleni. Mwenzangu afadhali, hadaiwi kodi ya miezi sita.

Ikabidi nimpe kijana wa mkokoteni buku.

"Unapeleka wapi?"

"Bosi, umeshalipa, maswali ya nini?"

Nikaona kweli, nikanyamaza. Kandambili iliyokatika nikaitupia humo humo. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Alfajiri mvua ikashuka. Sasa jirani yangu, mtu wa swala tano, anaisubiri masika kuliko mkulima: maji yakianza kupita tu, anatapisha choo. Eti gari la kunyonya ni ghali! Mto Ng'ombe ukajaa, maji yakapanda kichochoroni, mimi nimesimama kitandani nimekumbatia jiko la mkaa. Mlango ukagongwa. Ngo! Ngo! Nikasema huyu wa ada, hata leo? Nikashuka, nikafungua.

Kiroba. Changu kabisa, kandambili inanichungulia kwenye tundu.

Maji yalipopungua, yule kijana akapita na mkokoteni wake, akakitupia jicho.

"Bosi, nikutolee mzigo huo?"

"We! Si nilikulipa buku kwa kiroba hiki hiki?"

"Kile kilikuwa kikavu, bosi. Hiki kimelowa, buku mbili."