Msituruke Münster

Mwanafunzi wa historia ya Waanabaptisti, Wakristo walioshika kwamba mtu abatizwe akiwa mtu mzima kwa hiari yake, huanzia Zurich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525, siku Conrad Grebel alipombatiza George Blaurock. Kutoka hapo hupelekwa mto Limmat, ambako mwenzao Felix Manz alizamishwa Januari 1527 kwa amri ya baraza la mji lililokwisha kuachana na Roma. Halafu Uholanzi, 1569: Dirk Willems ametoroka gerezani, anayemfukuza anatumbukia barafuni, Dirk anarudi kumwokoa. Akakamatwa, akachomwa moto. Naipenda mno habari hiyo, na sitaki mwalimu yeyote aiache.

Ninachokikataa ni mwanafunzi kuhitimu akidhani hao ndio wote.

Kati ya 1534 na 1535, Waanabaptisti waliutwaa mji wa Münster, Ujerumani. Asiyekubali kubatizwa alifukuzwa, na hiyo ilikuwa majira ya baridi. Mali ikawa ya wote kwa lazima. Jan van Leiden akajitangaza mfalme, akaoa wake wengi, na waliompinga waliuawa. Mji ulipoanguka, maiti za viongozi watatu zilitiwa katika vizimba vya chuma na kutundikwa kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert. Vizimba viko pale hadi leo. Hawa nao walikuwa watu wa Biblia, waombaji, waliobatizwa kwa hiari yao kama Grebel.

Bila Münster, Menno Simons, Mwanabaptisti ambaye Wamennonite wanaitwa kwa jina lake, haeleweki. Alikuwa padri Friesland, Uholanzi, mashaka yake yakiwa ya muda mrefu, lakini aliuacha upadri mapema 1536, miezi michache tu baada ya damu ile. Mafundisho yake ya kuweka upanga chini yalikuwa pia jibu kwa ndugu zake mwenyewe walioushika. Ukiyasoma hivyo, amani inakuwa jambo gumu, la kuchaguliwa na watu wanaojua wenzao wamefanya nini. Na lilizidi kuwa gumu: baada ya Mapinduzi ya Urusi, Wamennonite wa Ukraine waliunda vikosi vyenye silaha kujilinda. Mwanafunzi na ajiulize angefanya nini pale, kijiji kikiwa kinachomwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Wamisionari kutoka Lancaster, Pennsylvania, walianzisha kituo cha Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, na Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania mwaka 1967. Hapa katikati kuna uamsho wa 1942, Waafrika na wamisionari walipotubu mbele ya wenzao. Mmisionari kumwomba msamaha Mwafrika, wakati wa ukoloni! Mimi naona tukio hilo linastahili muhula mzima, kwa sababu linauliza swali lile lile la Münster: aliyeokoka akishika mamlaka, humfanyia nini mwenzake?

Na vyanzo vingi viko vinywani mwa wazee. Chuo kikiweza kumpa mwanafunzi safari ya Zurich, mpeni pia kinasa sauti na nauli ya kwenda Shirati, Mugango na Bumangi, akawasikilize kwa Kijaluo na Kizanaki. Awaulize na yale yaliyouma: nani alitengwa na kanisa, kwa kosa gani, na kama aliwahi kurudishwa.