Eti Kitanda Kinataka Rangi Kidogo Tu

Mama watoto akiamua kukuulia Jumamosi yako hagombi. Anasimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, anashika kiuno, anaguna, halafu anasema kwa sauti ya upole kabisa: "Baba watoto, hiki kitanda si kinataka rangi kidogo tu?"

Kidogo tu! Kitanda chenyewe tumekirithi kwa babu, kimelaliwa na nusu ya ukoo. Rangi ya mafuta ya kijani imebanduka vipande vipande, chaga mbili zimelegea, na pale kichwani kuna bablishi iliyokauka ambayo hata mwenyewe hajulikani. Nikasema, mama, tununue kipya. Akasema sawa, twende Keko, kwa mafundi samani.

Tukaenda. Nilipotajiwa bei ya kitanda cha mninga cha futi tatu na nusu, ghafla nikaanza kukipenda kile cha nyumbani. Fundi akatuonea huruma, akatusogeza kwenye vya bei yetu, vile vya mbao za unga wa kugandishwa. Vinang'aa, sikatai. Ila mtoto akikojoa usiku wa leo, kesho ubavu umeumuka kama andazi. Tukarudi na daladala, tumenyamaza.

Basi nikatumwa hadiwea. Kijana wa dukani hata salamu haijamtoka vizuri, ameshaanza: "Mzee, chukua msasa wa maji wa kutolea rangi ya zamani. Mbao ikionekana, namba 80 ya kukwangua, 120 ya kulainisha, 220 ya kumalizia. Gundi nyeupe je? Brashi je? Tina ya kuzimulia? Sila ya kuzibia vinyweleo vya mbao? Klia ya kung'arishia juu, isiyoficha mbao?" Mfuko umejaa, pochi imesinyaa, na hiyo rangi kidogo tu bado haijatajwa.

Sasa huku kwetu ukitoa kitanda uani, umeitisha mkutano wa hadhara. Jirani yetu mstaafu alivuta kiti kabisa. "Fuata nyuzi za mbao, baba! Usizungushe mkono!" Na kinachoniudhi ni kwamba yuko sahihi: ukikata nyuzi, mikwaruzo inajificha, halafu ukipaka klia yote inajitokeza. Lakini mtu anaweza kuwa sahihi akiwa nyumbani kwake. Mwingine akapita na ndoo yake ya maji, akatoa ushauri bila kusimama: paka oili chafu, mchwa hawagusi. Oili chafu ni ya mbao za paa, ndugu yangu. Huyu mtoto akipata usingizi anautafuna ubao wa kichwani!

Wakanicheka pia nilipovaa barakoa iliyobaki tangu enzi za Korona na kuanza kulowesha kitanda maji. "Unakikwangua au unakiogesha?" Cheka tu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inamwathiri ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo maana niliisugua rangi ikiwa mbichi, isitimke vumbi, watoto wakiwa wamepelekwa kwa shangazi yao. Makapi yote nikayazoa kwa tambara bichi nikayafunga kwenye mfuko, huku mstaafu akihesabu makosa yangu kwa vidole.

Chini ya kijani nikakuta krimu. Chini ya krimu, kahawia. Kila aliyewahi kulala pale aliacha maoni yake. Halafu chini kabisa, jamani, mninga! Mninga wa kweli, ule wa misitu ya miombo ya kule Tabora na Katavi, una michirizi ya hudhurungi na wekundu utadhani mtu ameichora kwa mkono. Mti ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu, mbao yake haipindi ovyo, na bungua, yule mdudu mtoboa mbao, akiona moyo wake anatafuta riziki kwingine. Na mtu mzima mwenye akili timamu aliuangalia akasema, hapa panafaa kijani! Nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka mbio jikoni akidhani nimejikata kidole.

Nikaziba matundu ya skrubu kwa unga wa mbao hiyohiyo na gundi, nikakaza chaga, nikapiga msasa wa mwisho mpaka mkono unateleza. Binti yangu akarudi kutoka kwa shangazi. Akakizunguka kitanda, akakigusa kwa kidole kimoja.

"Baba, mimi nataka pinki."

Mazungumzo ya amani yakafanyika mezani, mama yake akiwa msuluhishi asiyeficha upande wake. Makubaliano: kabati, ambalo ni la paini, lipakwe pinki pamoja na vishikio vyake. Kitanda kibaki mninga. Ila niruhusu stika za nyota. Stika! Juu ya mninga! Nikasaini.

Kufika kupaka, mvua ya masika ikagoma kuisha. Klia ukiipaka hewa ikiwa na unyevu inapata ukungu mweupe, na Dar mwezi wa nne hewa yenyewe unaweza kuikamua. Kwa hiyo tunangoja jua, tukilipata napaka mkono mmoja, tunangoja jingine. Harufu ya tina nayo lazima itoke chumbani kwanza, madirisha wazi mchana kutwa. Mwenye chumba analala kwetu, katikati, miguu yake ubavuni kwangu. Usiku wa pili nilihamia sebuleni. Neti ilibaki na wengi wape.

Jana mstaafu kaja na kigoda mkononi. Anauliza nachukua shilingi ngapi. Nikamtajia bei ya kumfukuza. Akapunguza nusu, akasema atalipa pensheni ikitoka, akakiacha uani akaenda zake msikitini. Nimekigeuza chini juu. Paini mtupu, na bungua wameshahamia na familia zao.