Ukiulizwa jina mlangoni mwa upasuaji, jibu tu

Mjomba wangu amefanyiwa upasuaji wa henia na, alhamdulillahi, anaendelea vizuri. Ameshaanza hata kulalamikia uji. Lakini tulipokwenda kumwona hakutusimulia maumivu wala sindano. Alitusimulia vituko vya watumishi. Nesi wa wodini kamuuliza jina. Aliyesukuma machela naye kamuuliza jina. Kufika ndani, mtu wa usingizi kashika faili mkononi kabisa, naye: "Mzee, jina lako nani? Umekuja kufanyiwa nini? Upande upi?" Mjomba akawaka: "Sasa kama hamnijui, mnampasua nani?" Ndugu wote kitandani pale wakaangua kicheko, na shangazi akatia nakshi yake kwamba siku hizi hospitali zimejaa wanafunzi.

Mimi sikucheka. Na kwa kuwa mbele ya mgonjwa, tena mbele ya shangazi, mtu habwati, nitabwata hapa.

Jamani, 2007 mmeisahau? Novemba mwaka ule, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vijana wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa. Mmoja alikuja kutibiwa goti, mwenzake ana tatizo la kichwa. Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa kichwa baadaye alifariki dunia. Tulipiga kelele wiki kadhaa, madaktari wakasimamishwa, kila mwenye mdomo akawa bingwa wa upasuaji. Kisha tukanyamaza.

Mwanzoni mwa 2018 ikawa zamu ya Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mgonjwa mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine ana uvimbe tu kichwani ambao haukuhitaji kisu. Aliyepelekwa thieta ni huyu wa uvimbe. Saa zikapita, fuvu liko wazi, ndipo wanashangaa: damu ya kutoa haipo. Waziri akampa mkurugenzi likizo ya lazima. Daktari mpasuaji akasimamishwa, na mtu wa usingizi, na nesi wa wodi, na nesi wa kupokea wagonjwa thieta. Hesabu hao watu. Watu wanne waliosimamishwa maana yake ni mikono minne ambayo mgonjwa alipita, na katika mikono yote hiyo kosa halikukwama popote. Sasa niambieni huyo "mzembe mmoja" tunayependa kumtafuta ni yupi.

Makosa haya ni nadra, nakubali. Wengi wanaoingia thieta wanatoka na kiungo sahihi kimeshonwa. Lakini unadra wake ndio unaolewesha. Nesi aliyepokea wagonjwa miaka ishirini bila kuchanganya hata mmoja atakuwa na sababu gani ya kumuuliza jina mgonjwa wa kesho? Atauliza tu kama kuuliza ni amri, haijalishi anamfahamu, haijalishi ni jirani yake wa Mbagala. Fundi cherehani anapima kiuno chako upya kabla ya kukata kitambaa na humwambii kasahau kazi.

Na sisi ndio wagumu zaidi kwa jambo hili, tusidanganyane. Mtaani hakuna anayejua jina la mtu. Ni Baba Asha, Mama Neema, Mzee Chumvi. Mwandikishaji anaandika Mohamed Ally, na siku hiyo hiyo wodini wamo wakina Mohamed Ally wengine. Halafu kuna ile adabu yetu ya kuitikia. Nesi akisimama mlangoni akaita "Juma!", mzee aliyelala nusu usingizi, ana njaa tangu jana, ana hofu, atasema "naam" hata kama yeye ni Jumanne. Ndiyo maana wanaojua kazi hawaulizi "wewe ni Juma?" Wanauliza "jina lako nani?" na wanasubiri ulitamke mwenyewe kwa kinywa chako. Lile swali alilolidharau mjomba ndilo swali lililoulizwa kwa usahihi! Tena limeulizwa kabla ya nusu kaputi, maana baada ya hapo hata ukiitwa Napoleoni hutabisha.

Wala hili halikubuniwa na wanafunzi wa shangazi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, mambo 19, ukurasa mmoja. Kabla ya usingizi: jina, operesheni, sehemu, ridhaa, alama kwenye ngozi, mzio wa dawa. Kabla ya kisu kugusa ngozi: kila mtu chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi, jina la mgonjwa lisomwe tena, dawa ya kuzuia maambukizi iwe imetolewa ndani ya dakika 60. Kabla ya mgonjwa kutoka: vifaa, sindano na vitambaa vya damu vihesabiwe, asije mtu akaenda nyumbani na kitambaa tumboni.

Na orodha hiyo ilijaribiwa wapi? London, Toronto, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara hii hii ya Morogoro, ya mchele na Kilombero. Majaribio yalianza Oktoba 2007. Mwezi uliofuata vijana wetu wakachanganywa Dar es Salaam. Dawa inajaribiwa upande mmoja wa nchi, ugonjwa unaua upande mwingine. Matokeo yalipochapishwa Januari 2009, vifo katika hospitali zile nane vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi na kalamu! Hakuna mashine iliyonunuliwa ikakatiwa utepe na mheshimiwa.

Haya, najua mtaniletea Ontario. Kweli, Canada walipoilazimisha hospitali 101 za jimbo hilo, utafiti wa 2014 haukuona nafuu ya maana. Sawa. Ila karatasi ikiletwa kwa amri, watu hujifunza kuweka alama ya vema, hawajifunzi kusimama. Rafiki yangu nesi ananiambia amewahi kuziona fomu zinajazwa zote kwa pamoja, jioni, na mtu ambaye hakuwepo thieta. Fomu ya namna hiyo ni utunzi.

Moto nao upo, kwa wanaodhani nazungumzia majina tu: Bucharest, Desemba 2019, mgonjwa alishika moto mezani baada ya kisu cha umeme kukutana na dawa ya spiriti isiyokauka, akafariki. Kusubiri spiriti ikauke ni dakika chache. Lakini ni nesi yupi mdogo atamwambia bingwa "dokta, subiri kwanza"? Tumemlea asubiri kuulizwa.

Hospitali nazo hazijapona kwangu. Mnamuuliza mzee wa watu jina mfululizo bila kumwambia kwa nini, halafu mnashangaa akifoka. Sentensi moja tu: "Mzee, tutakuuliza mara nyingi, ni kwa usalama wako." Na zile orodha ukutani, zote nilizowahi kuziona ni Kiingereza. Kiandikeni Kiswahili, kwa herufi kubwa, mkibandike nje ya mlango wa thieta, pale kwenye benchi la ndugu ambapo sasa hivi tangazo pekee la kusoma ni la kukataza simu.