Kuvuna Mayai ya Kondoo kwa Ajili ya Maabara: Kasi na Gharama Yake

Dume bora la kondoo linaweza kusambaza uzao wake katika kundi zima kwa msimu mmoja, ilhali jike bora, ambaye hubeba mimba kwa siku zipatazo 150 na kuzaa mwana mmoja au wawili, huacha watoto wachache maisha yake yote. Uvunaji wa mayai unakusudiwa kupunguza tofauti hiyo. Jike hudungwa homoni, hupewa nusukaputi, kisha mtaalamu hupitisha kamera nyembamba na sindano katika matundu madogo ya tumbo na kuyafyonza mayai kutoka kwenye ovari. Mayai hukomazwa maabarani kwa takriban saa 24, hutungishwa, na baada ya siku 6 au 7 viinitete, yaani mimba changa, hupandikizwa kwa majike wengine.

Ikilinganishwa na njia ya zamani ya kupasua tumbo ili kusafisha mji wa mimba na kutoa viinitete, sindano huacha makovu machache, hivyo jike yule yule anaweza kuvunwa tena na tena. Hata ovari za kondoo aliyekwisha kuchinjwa bado zinafaa zikiwahishwa maabarani. Kwa jike mzima aliyekwisha kuthibitisha ubora wake, sioni pingamizi zito zaidi ya gharama.

Mjadala wenyewe uko kwa wanakondoo. Nchini Australia wataalamu wamevuna mayai ya wanakondoo wa majuma machache tu, kwa kuwa ovari zao huitikia homoni kwa nguvu na mmoja anaweza kutoa mayai kwa makumi. Mtoto huyo huwa mama kabla hajabalehe, na muda kati ya kizazi na kizazi hufupishwa mno. Lakini mayai hayo ni dhaifu kuliko ya mkubwa: mengi hayafiki hatua ya kiinitete, na wanakondoo wengine hawatoi kitu. Zaidi ya hayo, mama huyu hajawahi kuzaa wala kunyonyesha. Anachaguliwa kwa rekodi za wazazi wake na vipimo vya vinasaba, na makadirio yakikosewa, kosa nalo huenea kwa kasi ile ile. Wala tusiwasahau majike wanaopandikizwa, kwani viinitete vilivyokuzwa katika majimaji yenye seramu (sehemu ya majimaji ya damu) vimewahi kuleta wanakondoo wakubwa kupita kiasi na uzazi mgumu.

Nchini Kenya, kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayesifika kwa kustahimili minyoo, anazidi kumezwa na uchotara wa Dorper, kondoo wa nyama mwenye asili ya Afrika Kusini. Hapo hoja ya kuhifadhi mbegu ya Kimaasai ina uzito kuliko hoja ya kasi, ingawa viinitete vya maabara havivumilii kugandishwa vizuri kama vilivyokulia tumboni. Hata hivyo, mfugaji alimchagua Dorper kwa sababu ya umbo kubwa na bei ya sokoni, na bei hiyo haibadilishwi na sindano.