Samaki Mkavu Naye Hukunjika

Katika mabaraza ya Unguja na Pemba, pakizungumzwa malezi, hakosekani mtu wa kukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii ndiyo inayomfanya mzazi ampeleke mtoto chuo cha Kurani kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati lake, na ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa, miaka 40 baadaye, kumkatisha tamaa mtu mzima anayetaka kujifunza jambo jipya. Matumizi ya kwanza yana hoja nzito. Ya pili, kwa maoni yangu, yameibebesha methali mzigo usiokuwa wake.

Hoja nzito hiyo huanza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mtoto wa miezi michache huweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia, lakini mwaka wake wa kwanza ukikaribia kwisha sikio lake huwa limeshaelemea lugha ya nyumbani. Ndiyo maana aliyeanza kusoma Kurani akiwa na miaka mitano hutamka herufi za Kiarabu kama ain na dhadi bila ya kuzifikiria, ilhali aliyeanza akiwa na miaka 50 hupambana nazo kila anapofungua msahafu. Mambo hayaishii kwenye ulimi. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kwamba watoto walioweza kujizuia, yaani kusubiri zamu, kutulia na kutokata tamaa haraka, walipofika miaka 32 walikuwa na afya bora na hali nzuri zaidi ya fedha, na wachache wao ndio waliokuwa wametiwa hatiani kwa makosa ya jinai. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatiwa akili za watoto na uwezo wa familia zao. Anayeshikilia methali angeweza kukomea hapo na kudai ameshinda.

Asikomee. Utafiti huo huo uligundua kwamba waliozidi kujimudu baina ya utoto na ujana walifikia hali bora kuliko ile ambayo utoto wao ungewatabiria. Kutoka Scotland kuna ushahidi unaokwenda mbali zaidi: vijana wa miaka 14 walitathminiwa na walimu wao mwaka 1950 kwa sifa kama ustahimilivu, kujiamini na uangalifu, kisha 174 kati yao wakapimwa tena walipofika miaka 77, na ikaonekana kwamba sifa zao za utotoni hazikuwa na uhusiano wa maana na zile za uzeeni. Nakiri kwamba ushahidi huu una udhaifu wake. Waliobaki walikuwa wachache, na mwalimu anayemtazama mwanafunzi darasani haoni kile anachokiona mtu anayejitathmini mwenyewe uzeeni. Hata hivyo, haukubaliani na dhana ya mtu aliyekauka.

Kwetu hatuna haja ya kwenda Scotland. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, waliokipokea kwa wingi walikuwa wanawake, wengi wao wakiwa watu wazima wenye watoto na kazi nyengine, zikiwemo kufukia makumbi na kusokota kamba. Walijifunza kufunga miche kwenye kamba, kutambua mmea ulioanza kuugua, kuhesabu siku za bamvu, yaani maji makubwa yanayokupwa mbali na kujaa sana, kwa jicho la mkulima, na kubishana na mnunuzi juu ya bei. Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito. Mwanamke aliyelelewa kunyamaza mbele ya mwanamume asiyemjua, kisha akasimama akidai kilo zake zipimwe upya, amebadilika katika jambo ambalo malezi yake yalikuwa yameshalikunja. Pia hakubadilika kwa kuhimizwa. Alibadilika kwa sababu mkononi mwake palikuwa na kitu cha kuuza.

Kuna mfano mmoja ambao pande zote mbili huugombania. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akahamia mjini mwaka 1911 akiwa mtu mzima, na huko ndiko alikojifunza taarabu. Mwaka 1928, akikaribia miaka 50, alikwenda Bombay na wenzake kurikodi santuri. Wanaoamini kwamba mtu mzima hubadilika watasema hapo hapakuwa na samaki mbichi. Wanaoishikilia methali watajibu, na si bure, kwamba sauti hiyo ilikuwa imeshazoezwa tangu alipokuwa akizungusha vyungu na kuvinadi. Mimi naona wote wana haki: utoto ulimpa koo, mji ukampa waalimu, ala na wasikilizaji, na koo peke yake lingebaki Fumba likiuza vyungu.

Kwa hiyo swali la kama mtu mzima hubadilika naliona dogo kuliko swali la nini kinachohitajika ili abadilike. Kila mpishi wa visiwani anajua kwamba ng'onda, samaki aliyekaushwa, hakunjiki akitolewa juani, lakini akirowekwa usiku kucha hulainika kabla ya kutiwa tui. Mtoto hubadilika kwa kuwa amezungukwa na watu ambao kazi yao ni kumfunza. Mtu mzima hana watu hao. Ana watoto wa kulisha, maiti za kuzika, harusi za kuchangia, na aibu ya kukosea mbele ya wadogo zake. Kumbukumbu yake pia huwa nzito kidogo kuliko ya kijana, ingawa msamiati wake na ujuzi wake wa mambo huendelea kukua kwa miaka mingi. Anaweza, ila kwa masharti yake.

Masharti hayo ndiyo tunayoyasahau tunapopanga madarasa ya kisomo cha watu wazima. Darasa likiwekwa asubuhi ya bamvu katika kijiji cha wakulima wa mwani litabaki tupu, kwa kuwa wote wako pwani wakiwahi maji kabla hayajajaa, na mwalimu atarudi mjini akisema kina mama wale wameshakauka.